Betri ya kubebeka yenye inveta: ipi ununue ukiwa Kisumu au Nakuru

Giza la 25 Agosti 2023 lilifika karibu kila pembe ya Kenya. Lakini kinyozi wa Kondele, Kisumu, au mfugaji wa Nakuru mwenye mashine ya kuangulia mayai, hahitaji giza la nchi nzima ili apate hasara. Stima ikipotea mchana mmoja mtaani kwake, inatosha.

Dukani utaonyeshwa wati zilizoandikwa kubwa kwenye boksi. Wewe tafuta wati-saa, maana hizo ndizo akiba iliyomo. Kisha uliza betri ni ya aina gani. Hilo nalipa uzito kuliko bei.

Nafasi ya kwanza naipa betri ya LiFePO4, aina mojawapo ya lithiamu, iliyounganishwa na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) ya mawimbi safi, kwenye boksi huandikwa "pure sine wave". Huvumilia joto kuliko lithiamu nyingine, si rahisi kushika moto, na huchajiwa mara 2,000 na zaidi kabla ya kuchoka. Yenye wati-saa 500 hukupa kama 425 baada ya inveta kula sehemu yake. Mashine mbili za kunyolea, taa na runinga ndogo, tuseme wati 85 kwa jumla, zitaenda saa tano. Pasi na birika la umeme usizitie kwenye hesabu hii kabisa.

Ya pili ni betri ya sola ya jeli na inveta kando, ikiwa haitahamishwa. Ni nzito, na usiitumie zaidi ya nusu ya akiba yake, la sivyo itakufa mapema. Mwambie fundi aweke fyuzi karibu na betri na waya mnene: wati 1,000 kutoka volti 12 huvuta ampea zaidi ya 80, na waya mwembamba utaungua.

Lithiamu ya kawaida, ile nyepesi, naiweka ya tatu. Kwa simu, kompyuta na ruta inatosha.

Betri ya gari na inveta ya bei ya chini usinunue, hata ukibembelezwa. Betri hiyo imeundwa kuwasha injini, na ikichajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka. Inveta hizo nazo mara nyingi hutoa mawimbi ya ngazi, yasiyo safi, yanayopasha moto mota ya friji.

Ukishanunua, iweke juu ya sakafu ya saruji, mbali na jiko, godoro na pazia, na usiifunike. Kibanda cha mabati Kisumu huwa tanuri alasiri, na lithiamu haifai kuchajiwa joto likipita nyuzi 45, kwa hiyo chaji asubuhi au usiku ukiwa macho. Ikivimba au kutoa harufu ya ajabu, acha kuitumia na uitoe nje ikiwa bado inashikika.

Na tafadhali, usichomeke betri kwenye soketi ya ukutani ili iwashe nyumba nzima. Umeme huo unaweza kurudi kwenye nguzo na kumuua fundi wa Kenya Power aliyepanda kurekebisha laini. Vifaa vichomeke kwenye betri yenyewe.

Kabla ya kulipa, tafuta alama ya KEBS (shirika la viwango la Kenya), omba iwashwe na kifaa halisi mbele yako, na dai risiti yenye muda wa waranti.