Kutetea ukweli wa Ukristo: uanze na historia au na misingi ya fikra?

Wakristo wanaotetea imani yao wamegawanyika pande mbili: wanaoanza na ushahidi wa historia, na wanaoanza na misingi ya fikra. Pande zote mbili zinakubali kwamba ukweli haupigiwi kura: Yesu alifufuka au hakufufuka, upende usipende. Wanachobishania ni pa kuanzia.

Watu wa ushahidi, kama msomi Mmarekani Gary Habermas, huanza na historia. Tegemeo lao kubwa ni 1 Wakorintho 15. Paulo anataja mashahidi zaidi ya 500, wengi wao wakiwa bado hai alipoandika, kisha anakiri waziwazi kwamba kama Kristo hakufufuka, imani ni bure. Dini inayokubali kuchunguzwa hivyo naiheshimu sana, na hapa njia hii inashinda kwa mbali. Ila inadai usomaji mwingi, na inakufikisha kwenye uwezekano mkubwa tu, si uhakika kamili.

Upande wa misingi ya fikra, Cornelius Van Til, aliyeanza kufundisha chuo cha theolojia cha Westminster, Philadelphia, mwaka 1929, aliuliza swali la ndani zaidi: bila Mungu, hiyo mantiki unayompingia umeitoa wapi? Vitabu vichache vinatosha kuanza. Wakosoaji husema hoja inajizungusha, na sioni kama wamejibiwa vya kutosha. Tena kwa Mwislamu haifiki mbali, maana naye anaamini kwamba ukweli wote unatoka kwa Mungu.

Rafiki yako akiuliza kama Yesu alifufuka kweli, mfungulie 1 Wakorintho 15. Akisema kila mtu ana ukweli wake, halafu akawaka kwa hasira juu ya rushwa, muulize kama Van Til: hicho kipimo cha haki umekitoa wapi?