Danggui ya Guangzhou: uzoefu wangu, na nani asiiguse

Wadada wengi mnaniuliza hii danggui ninayotumia ni kitu gani, basi ngoja niandike yote hapa: ni mzizi mkavu wa dawa ya Kichina, mimi nautumia kwa maumivu ya hedhi. Mimi naishi Guangzhou, China, na huwa nanunua soko la Qingping, pale Liwan karibu na kisiwa cha Shamian, yaani hata hujafika harufu ya mizizi mikavu ishakupokea. Inayosifiwa zaidi inatoka wilaya ya Min, mkoa wa Gansu, huko milimani kwenye baridi, na kila muuzaji atakuapia ya kwake imetoka huko huko, kwa hiyo we angalia mzizi wenyewe.

Chukua mzizi mzima. Nje uwe wa kahawia, kichwa kinene na mikia mingi chini, ukiukata ndani ni weupe wa kuelekea manjano wenye vidoa vya mafuta, na harufu yake kama seleri inang'ang'ania vidoleni hata ukishanawa. Ukikuta vipande vyeupe pee na ukinusa kuna ukali wa uchachu unaochoma pua, wacha, hiyo imefukizwa salfa. Na hiyo harufu nzuri ndo mali yenyewe jamani, ni mafuta yenye ligustilidi, kemikali ambayo maabarani imeonekana inalegeza misuli ya kizazi cha wanyama, halafu kuna kemikali nyingine, asidi ya feruliki, ambayo kitabu rasmi cha dawa cha China kinataka isipungue asilimia 0.05.

Mimi naipika na nyama ya kondoo na tangawizi nyingi. Ni supu ya zamani mno, imo kwenye maandishi ya tabibu Zhang Zhongjing, karibu miaka 1800 iliyopita, akiwapa akina mama waliojifungua wanaoumwa tumbo. Naanza kuinywa siku zangu zikikaribia na kwa kweli kiuno hakinikazi kama zamani, tumbo linapata joto naamka nafanya kazi zangu. Kama ni danggui, ni tangawizi au ni moto wa supu tu siwezi kukuapia. Kipimo cha Wachina ni gramu 6 mpaka 12 kwa siku, sizidishi, maana ikizidi tumbo linaendesha.

Mama zetu wanaosumbuliwa na joto la kukoma hedhi, hapa msitegemee. Marekani mwaka 1997 waliwajaribu wanawake 71 kwa wiki 24, gramu 4.5 kila siku, haikuwa na tofauti na kidonge kisicho na dawa. Ila Wachina nao mara nyingi hawaitumii peke yake, wanaichanganya na dawa nyingine.

Sasa hapa msome vizuri tafadhali. Kama unatumia warfarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, USIGUSE, damu inazidi kuwa nyepesi na unaweza kuvuja vibaya, na kama unasubiri upasuaji mwambie daktari mapema. Mjamzito pia aache kabisa, na mwenye hedhi nzito itamzidishia. Halafu ina kemikali zinazofanya ngozi iungue upesi juani.

Vidonge vyake niliagiza mtandaoni, kopo halikuandikwa gramu ngapi za mzizi wala umetoka wapi, harufu hakuna, nikavirudisha. Mzizi nyota 4, vidonge 1.