Google Search Console kwa Duka Dogo la Mtandaoni: Je, Inafaa?

Habari zenu ndugu zangu, karibuni. Leo tunaichambua Google Search Console, ile iliyokuwa ikiitwa Webmaster Tools hadi mwaka 2015. Ni chombo cha Google kinachomwonyesha mwenye tovuti jinsi kurasa zake zinavyoonekana watu wakitafuta Google, na ni cha bure. Nimeichagua kwa sababu wenye maduka madogo mnaniuliza swali lile lile: bidhaa nzuri, bei nzuri, mbona mtu akitafuta Google hanioni?

Haya, tazameni skrini. Hili ni duka la madera la dada mmoja hapa Dar, ameniruhusu niwaonyeshe. Nafungua ripoti ya utendaji. Hapa juu kuna mibofyo, kuna mara ambazo kurasa zake zilionekana kwenye matokeo, kuna asilimia ya mibofyo, na wastani wa nafasi aliyoshika. Sasa shukeni chini, kwenye maneno. Hapa ndipo penyewe! Haya ni maneno ambayo wateja wameyaandika kwa mikono yao: "dera la kunyonyeshea", "madera ya pamba jumla", "dera zipu mbele".

Dera la kunyonyeshea analo. Tufungue ukurasa wake tuone ameliitaje. "Dera Code 14 New Arrival." Maelezo: "Bei inbox." Picha imebaki na jina la kamera, herufi na namba tupu. Neno la kunyonyesha limetajwa mara moja tu, chini kabisa ya jedwali la saizi, na ni sentensi hiyo moja iliyomfikisha kwenye matokeo, tena huko nyuma ambako watu hawafiki. Inaniuma kweli, maana mama mwenye mtoto mchanga anatafuta nguo hiyo hiyo, na wanapishana.

Kwa hiyo kichwa kiwe: "Dera la pamba la kunyonyeshea, lenye zipu mbele." Code 14 ibaki kwenye daftari lake la stoo. Maelezo yaseme kitambaa, urefu, rangi zilizopo, na kama linachuja likifuliwa. Picha ipewe maelezo yake ya maandishi. Na bei iandikwe, jamani, kwa shilingi. Duka lililotengenezwa kwa Shopify au WooCommerce huweza kuipa Google bei na taarifa kama mzigo upo, na vyote vikaonekana kwenye matokeo kabla mtu hajabofya. Ukiandika "bei inbox", Google haina cha kuonyesha.

Usirundike maneno, dera dera dera, mstari mzima. Na lile sanduku la maneno muhimu linalofichwa nyuma ya ukurasa, Google ilishatangaza tangu 2009 kwamba hailitumii kupanga matokeo. Anayekutoza hela kwa kazi hiyo, mkatalie. Anayekuahidi nafasi ya kwanza, mkatalie pia. Google wenyewe wanasema hakuna anayeweza kuihakikisha.

Mkishabadilisha, bandikeni anwani ya ukurasa hapa juu kwenye kisanduku cha ukaguzi. Kitawaambia kama Google inaujua ukurasa huo, na mnaweza kuomba usomwe upya. Ni ombi tu, si amri, na inaweza kuchukua siku kadhaa hata wiki. Mzigo ukiisha na utarudi, msifute ukurasa. Andikeni "umeisha kwa sasa", msije mkaanza moja.

Kasoro zipo. Takwimu kamili huchelewa, kwa kawaida siku mbili au tatu hivi. Maneno yaliyotafutwa na watu wachache hufichwa kulinda faragha yao. Historia inaishia miezi 16, kwa hiyo mwenye kutaka kulinganisha Ramadhani tatu apakue data na kuitunza mwenyewe. Kwenye simu majedwali yanabanana, tafuta kompyuta hata ya kuazima. Na kuthibitisha umiliki kwa njia ya domeini kunahitaji kuingia kwa aliyekusajilia jina la tovuti ukaweke rekodi fulani. Kwa mgeni hapo pana jasho.

Kama unauza Instagram pekee, au ndani ya soko la mtandaoni la mtu mwingine, hii haikuhusu, kwa sababu huwezi kuthibitisha tovuti isiyo yako. Lakini mwenye tovuti yake, hata iwe na madera kumi tu, aifungue. Naipa nane kwa kumi, na mbili nimezikata kwa sababu ya ule uthibitishaji na yale majedwali ya simu.