Premiksi ya madini kwa kuku wa mayai: uzoefu wangu

Kuku wangu wamevuka wiki ya 60. Kwa umri huo yai linakuwa kubwa, lakini chokaa inayoingia kwenye ganda ni ileile, hivyo ganda linakuwa jembamba. Chakula nachanganya mwenyewe: mahindi ya kuparaza, pumba, mashudu ya alizeti, soya, dagaa, chokaa na unga wa mifupa. Chokaa ilitosha, na bado kila trei ilitoka na mayai yenye nyufa, mengine ncha yake inakwaruza kidole kama msasa.

Nikahamia premiksi (mchanganyiko wa madini na vitamini unaoongezwa kidogo kwenye chakula) ambayo zinki, manganizi na shaba yake vimefungwa kwenye asidi amino, ili visikamatwe kirahisi tumboni. Kilichonivuta ni kibandiko: kila kilo ya chakula inapata manganizi mg 100, zinki mg 80, shaba mg 8, seleni mg 0.3. Ile ya zamani nilipimiwa dukani kwenye nailoni isiyo na hata tarehe.

Kuku hawezi kutengeneza ganda kwa chokaa peke yake. Kimeng'enya kinachotoa kaboneti ya ganda kinategemea zinki, manganizi hujenga msingi ambao chokaa inashikia, na shaba huimarisha ule utando wa ndani. Sasa pumba na mashudu vina fitati, kemikali ya asili ya mbegu, nayo huikamata zinki ikapita tumboni bila faida. Sisi tunaolisha pumba nyingi ndio tunaoumia zaidi.

Matokeo hayakuja haraka. Ulipita zaidi ya mwezi ndipo nikaona tofauti. Nyufa zimepungua sana, na wateja wa jumla wameacha kunirudishia mayai. Idadi ya mayai haikupanda, wala rangi ya kiini haikubadilika, na sikuitarajia, maana hiyo inatokana na mahindi ya njano na majani.

Kipimo ni gramu 250 kwa kilo 100 za chakula. Anza kuichanganya na kilo mbili tatu za pumba hadi usione tena rangi yake, ndipo umwage kwenye lundo na kupiga koleo. Usizidishe, tafadhali: seleni ikizidi ni sumu, na zinki nyingi mno humfanya kuku aache kula na kutaga.

Bei iko juu, ila kinachoniudhi hasa ni mfuko usiofungika ukishakatwa. Unyevu unaharibu vitamini zilizomo, kwa hiyo naihamishia kwenye ndoo yenye mfuniko, kivulini. Nyota nne kati ya tano.