Gemu za Zamani Zilizoundwa Upya: Ipi Ununue Kwanza

Kabla hujatoa hela, jiulize: waliounda upya gemu hii wamegusa namna inavyochezeka, au wameng'arisha picha tu? Gemu ya zamani iliyong'arishwa picha peke yake inachosha mapema, hata kama uliipenda sana utotoni. Hizi nimezipanga kwa kipimo hicho.

Nafasi ya kwanza naipa Resident Evil 2 ya mwaka 2019, gemu ya kutisha ya mazombi, bila kusita. Ile ya 1998 kamera zake zilikuwa zimegandishwa sehemu moja, na mhusika ulimgeuza papo hapo aliposimama, kama lori kwenye uchochoro. Capcom, kampuni iliyoiunda, wameianza upya kabisa: kamera iko nyuma ya bega, unalenga mwenyewe, na kituo cha polisi cha Raccoon City kimejaa giza unalolipenya kwa tochi. Halafu kuna Mr. X, jitu linalokuwinda. Umejibanza chumbani unatazama ramani, unasikia viatu vizito ghorofa ya juu: puu, puu, puu. Ukifyatua risasi, mlio unamwelekeza uliko. Wahusika wa kuchezea ni wawili: ukimaliza na Leon, rudia na Claire, maana mwisho kamili haupatikani kwa safari moja. Kwenye kompyuta inataka GB 26 tu, nafuu kubwa kwa anayepakua kwa bando. Watoto wasiiguse, damu ni nyingi mno.

Wenye watoto nyumbani wachukue Crash Bandicoot N. Sane Trilogy, ambayo ndiyo ya pili kwangu. Ni gemu tatu, za 1996, 1997 na 1998, kwa bei ya moja. Ila anzeni na ya pili au ya tatu. Kwenye ile ya kwanza, Crash akitua ukingoni huteleza mahali ambapo zamani angesimama, na hatua za daraja la kamba zinakatisha tamaa hata watu wazima.

Ya tatu ni Final Fantasy VII Remake ya 2020. Ni nzuri mno, na mapigano yake, yaliyokuwa ya kusubiriana zamu, sasa yanakwenda moja kwa moja. Lakini jua unachonunua: hadithi ya 1997 imegawanywa sehemu tatu, na hii inaishia mji wa Midgar. Ukinogewa utaitaka sehemu ya pili, Rebirth ya 2024, inayomeza takriban GB 150. Ukinunua Remake ya PS4 iliyokwisha tumika, hakikisha unapewa diski zote mbili, ya data na ya kuchezea. Bila ile ya data huwezi kuisakinisha.

Ya mwisho, na inaniuma kusema hivi, ni GTA: The Trilogy – The Definitive Edition, mkusanyiko wa GTA tatu za zamani, San Andreas ikiwemo. San Andreas ya 2004 ni gemu ya ujana wa wengi wetu, nayo ilistahili kazi ya uhakika. Mkusanyiko huu ulipotoka Novemba 2021 nyuso zilikuwa zimeharibika na mvua ilifunika barabara hadi huoni unakokwenda. Rockstar, kampuni yenye GTA, wenyewe waliomba radhi. Marekebisho ya Novemba 2024 yamerudisha mwanga wa zamani na kuinua hali yake, kwa hiyo ikishuka bei inunulike. Kwa bei kamili, hapana. Mwenye PS2 inayosoma diski vizuri aendelee kuchezea hapo hapo.