Steshenari ya Anko nyuma ya Soko Kuu Mtwara: nyota nne, ya tano ameipoteza mwenyewe

Kama uko form six hapa Mtwara mjini na mwezi wa nne ndo huu, hela yako inaishia sehemu mbili tu, chapati na kopi. Chapati kila mtu ana mama yake anayemwamini, siingilii. Ila kopi nataka niongee maana watu wanapigwa mjini hapa afu wanaona kawaida.

Steshenari yenyewe haina jina la kueleweka, ubao ulikua na jina likafutika na jua, yamebaki maneno KOPI PRINTI PASPOTI LAMINESHENI, kwaiyo sisi wote tunasema kwa Anko na ukimuuliza dereva bajaji yoyote maeneo yale anakupeleka. Ni chumba kimoja, mashine kubwa ya kopi, kompyuta mbili, kabati la kioo lenye madaftari na mikebe ya hesabu, na benchi nje ambalo saa kumi jioni huwezi kupata nafasi.

Bei. Kopi 100 kwa ukurasa kama kwingine, ila ukileta kitu kinene anashuka mpaka 70 na hapo hujamlilia. Printi 200. A3 ni 300. Kubaindi kwa spairo 2,000. Sio bei ya ajabu ila kitu watu wa mikoa mingine hawaelewi ni kwamba mwezi wa nne huku kwetu hela hakuna. Korosho zimeuzwa kuanzia mwezi wa kumi kule, watu wamelipa madeni, wameezeka, wameoa, imeisha, na sasa hivi wanaanza kuwaza hela ya salfa ya kupulizia msimu ujao. Form six ndo tunakuja kuomba hela ya pasi pepa, ile mitihani ya miaka ya nyuma, wakati huohuo. Anko analijua hili, ana daftari la deni limechoka, na anaandika jina na shule bila kukutangazia mbele za watu. Mi hilo tu lingetosha kumpa nyota mbili.

Sasa nije kwenye kitu kilichonifanya niandike. Ramani.

Wale wa HGL, HGK, EGM, CBG, yani michepuo yote yenye Geography, mnaijua Geography pepa wani, kuna ile topo map, ramani ya milima na mito, ya 1:50,000 unapima barabara, unapima eneo, unachora krosi seksheni. Ramani ya shule ni moja, imekunjwa mpaka mikunjo imetoboka, na ni kubwa, kwaiyo kila mtu anataka kopi yake. Ukienda zile sehemu nyingine za mjini unampa kijana, anaiweka kwenye mashine nusu nusu, anaona kila nusu haitoshi kwenye A4, anabonyeza kupunguza, inatoka nzuri imeenea kabisa, unalipa unaondoka una furaha. Hujui umeshamalizwa. Maana kwenye 1:50,000 sentimita mbili ni kilomita moja, na ikishapunguzwa kutoka A3 kuja A4 barabara ya kilomita kumi inageuka saba na kidogo, wakati chini ya ramani bado pameandikwa 1:50,000 vilevile. Darasani kwetu kundi zima lilipata eneo la bwawa tofauti na la mwalimu, tukabishana karibu kipindi kizima tukidhani fomula ndo mbovu.

Anko nilipompelekea, nikamwamkia, akaitikia, akaishika ramani akaiangalia kwanza afu akauliza, "Mwanangu, hii ya kupimia au ya kuangalia tu?" Nikasema ya kupimia. Akasema basi hatupunguzi, tunatoa A3 vipande viwili tunaunganisha, itakuuma mia tatu zaidi lakini utapima kitu cha kweli. Kopi ya kwanza ikatoka mito yote imepotea, kwasababu bluu ile nyepesi mashine ya blaki endi waiti haiioni vizuri. Akaongeza weusi, mito ikaja ila misitu ya kijani nayo ikawa nyeusi imefunika kontua zote, ile mistari ya mwinuko. Akazikunja zote mbili akatupa kwenye boksi, akabadilisha mashine ikae kwenye modi ya picha, akapunguza weusi kidogo, ya tatu ikatoka kontua unazihesabu moja moja na mto unauona unapopita. Afu akachukua rula yangu mwenyewe akapima ile mistari ya gridi kwenye ramani ya shule na kwenye kopi, sentimita mbili huku, sentimita mbili huku, ndo akaniambia sasa lipia hii. Zile mbili zilizoharibika hakunidai. Jamani huyu mzee hajasoma Geography ya advance, kaniambia mwenyewe aliishia la saba.

Kitu kingine anageuza kurasa anaangalia namba. Pasi pepa nyingi tunazozungushiana ni kopi ya kopi ya kopi, swali la tano limekatwa, ukurasa wa nne haupo. Wengine wanakupigia tu zote. Yeye anakwambia hapa pana pengo, tafuta original ndo uje. Inachelewesha foleni sana na kuna watu wanakasirika, na kwa kweli ukiwa na haraka atakuudhi, mi mwenyewe nimeshawahi kuondoka nimenuna.

Foleni sasa. Kuanzia saa tisa na nusu mpaka magharibi pale ni sketi na suruali za shule tupu, na maongezi yote ya form six Mtwara yanapita kwenye lile benchi. Yupo anayetaka divisheni wani ya pointi 5, yupo anayesema yeye hata two ya 12 anashukuru ilimradi chuo. Kuna mabishano ya kambi za JKT, yale mafunzo ya jeshi baada ya form six, kila siku utadhani majina yameshatoka, wengine wanaombea Nachingwea hapo jirani, wengine wanataka Rwamkoma huko Mara ili angalau wavuke Dar waione nchi. Mamdogo ninayekaa kwake anasema nikimaliza nisome hapahapa chuo cha Stella Maris nisihangaike na nauli, mi namjibu ndio mamdogo huku moyoni niko Dodoma. Kuna siku unakaa pale unasubiri kurasa sita tu na unajikuta hutaki zamu yako ifike, maana mkimaliza pepa mwezi wa tano hawa watu wa benchi ndo basi tena, kila mtu na kambi yake, kila mtu na kwao, Newala, Tandahimba, Kilwa. Mvua nayo inanyesha, bati linapiga kelele mpaka Anko anaonyesha idadi ya kopi kwa vidole.

Umeme ukikata anayo betri na inveta, inavuta kompyuta na printa ndogo, ile mashine kubwa hapana, kwaiyo ukikuta umekata usisubiri ramani. Inauma ukifikiria gesi inatoka hapo Msimbati na bomba limenyooka mpaka Dar, ila ngoja nisitoke nje ya mada.

Kitu kilichonifanya nimheshimu zaidi. Kuna jamaa kaja na simu, ana lile pepa linalouzwa kwenye magrupu ya Telegram kila mwaka msimu kama huu, eti la NECTA, baraza la mitihani, limevuja, anataka litolewe kopi nyingi. Anko kasoma mstari wa kwanza karudisha simu. "Kijana wangu, hapa sitoi. Likiwa feki umeibiwa, likiwa la kweli umefungwa." Jamaa katukana kidogo kaondoka, na sisi tuliokua kwenye benchi tukajifanya tunaangalia bajaji.

Haya, nyota iliyopotea. Pale juu ya kabati anauza vile vijitabu vya majibu, solvingi za General Studies (GS) na History, 5,000 kimoja, karatasi ya kaki nje. Hatungi yeye, analetewa, ila anauza, na ni vibaya. Cha GS nilichokisoma kimeandikwa Tanzania ina mikoa 30. Songwe imekua mkoa tangu 2016! Tuko 31. Sasa kama hilo limepita hivihivi, yale ya katiba na muungano humo ndani nani kayakagua? Historia ndo balaa, majibu ya insha yote yana utangulizi mmoja unaofanana neno kwa neno, wanafunzi hamsini wakiandika vile msahihishaji atajua tu wote tumekula sahani moja. Nilimwambia Anko, kacheka, kasema wateja wanavitaka. Mtu anayepima gridi ya ramani kwa rula hawezi kunipa jibu hilo, samahani.

Na flashi. Kompyuta zake zina virusi, mafaili yako yanarudi yamegeuka shotikati. Mtumie PDF kwa WhatsApp kupitia namba iliyobandikwa ukutani, ni salama zaidi, japo simu yake huwa imejaa picha na inabidi afute kwanza, na wale tusio na simu zetu tunangoja za walezi.

Paspoti anapiga vizuri, kitambaa cha bluu kimenyooka, anakwambia funga kifungo. Wale waliomaliza mwaka jana wanasema hata vyeti vyao vya kuzaliwa vya kuombea mkopo wa chuo aliwaskania yeye baada ya RITA, wale wa usajili wa vizazi, kuvihakiki, na havikurudishwa kwa kutosomeka. Kadi za mahafali anatengeneza pia ila maua anayoweka pembeni ni yale ya harusi, muwahi kumwambia ayatoe.

Nendeni asubuhi Jumamosi, kabla ya saa nne, benchi linakua tupu na mashine bado haijapata moto. Jumapili hafungui. Ramani ya rangi hana, hiyo mpaka mwende mabarabarani kule kwenye maofisi na mjiandae na bei.