Kufukua Lambo Lililojaa Tope: Majembe au Eskaveta?
Katika maeneo makavu ya Dodoma na Singida, ambako mvua ina msimu mmoja tu, takribani Desemba hadi Aprili, lambo la zamani lililojaa tope hufukuliwa wakati wa kiangazi, ama kwa eskaveta ama kwa majembe, makoleo na makarai. Eskaveta humaliza kwa siku chache kazi ambayo watu wangeifanya kwa wiki nyingi, lakini dereva asiyeufahamu udongo wa mahali hapo anaweza kuchimba hadi akalitoboa tabaka la mfinyanzi linalozuia maji yasizame, na hapo gharama yote ya kukodi mtambo na ya dizeli inakuwa imepotea bure. Mwenye jembe huligundua tabaka hilo mapema: tope jeusi lenye mizizi huisha, na chini yake hutokea udongo mzito unaonata kwenye koleo. Tena tope la karai hupelekwa shambani kidogo kidogo, likarutubisha mtama (iwapo halina chumvi). Kwa lambo la familia ningechagua mikono. Kwa lambo la mifugo ya kijiji kizima, eskaveta, mradi kina cha tope kipimwe kwanza kwa mti uliochongoka.